Kitambala ku ukuta: namna nguo ilipanda ukutani mu manyumba ya Panda

Ukiingia mu saloni ya jamaa ya zamani hapa Panda, jamaa iliyoishi mu kampi ya Union Minière na kisha ya Gécamines, utaona vitu fulani ku ukuta: picha ya ndoa, sahani ya shaba iliyopigwa nyundo, kalenda, na mara mingi kitambala. Kitambala kile kinaweza kuwa cha broderi, chenye maua na ndege. Kinaweza kuwa cha rafia kutoka Kasai, kile tunaita velours. Kinaweza pia kuwa bulangeti ya vipande-vipande vya vikwembe, iliyoshonwa na nkambo mwanamuke, ile ambayo watu wa pwani wangeiita mfarishi.

Vijana wetu wanauliza: "Juu ya nini munatundika nguo? Nguo si ni ya kuvaa?" Swali lao ni zuri. Wamoja wanajibu asema ni desturi ya wazungu. Wengine wanajibu asema ni desturi ya bankambo. Mimi naona majibu yote mawili hayatoshi. Kutundika kitambala ku ukuta, vile tunavyoifanya, ni desturi iliyozaliwa hapa kwetu, mu manyumba ya matofali ya kampi, na bamama njo walioizaa. Kwa kuwa ni yetu, tunapaswa kujua historia yake, na tena kujua namna ya kuitunza. Maana kitambala kilichotundikwa vibaya kinakufa mbele ya kile kilichofungwa mu sanduku.

1. Bankambo hawakutundika

Tuanze na rafia, juu ndiyo nguo ya zamani kupita zote tulizo nazo. Kwa Wakuba wa Kasai kazi iligawanywa: wanaume walifuma, wanawake walidarizi. Mwanaume alifuma kipande kimoja chenye urefu wa majani ya mti wa rafia, njo maana vipande vya zamani havipiti sana nusu metre au zaidi kidogo kila upande. Mwanamuke alipitisha uzi laini chini ya nyuzi za kitambala kwa sindano, akaukata kwa kisu kidogo, akaacha manyoya mafupi yamesimama. Hakuna fundo. Uzi unashikwa paka na mbano wa nyuzi zenyewe. Tukumbuke neno hili, tutalirudia tukifika ku kutundika.

Kwa nguo za kuvaa siku kubwa, vipande viliunganishwa vingi hata vikapata urefu wa metre kadhaa, na mtu alijizungushia kiunoni mara nyingi. Rafia mbichi ni ngumu. Waliitwanga mu kinu ili ilainike, na kwa kutwangwa ilipata matundu. Tundu lilifunikwa kwa kiraka, kiraka kikapewa umbo zuri, na mwishoni viraka vikawa pambo hata pale ambapo hapakuwa tundu. Kumbe ufundi wa kushona vipande-vipande haukuletwa kwetu na mashini ya kushona.

Nguo ile ilikuwa na pahali pake. Ilikuwa ku mwili wa mtu anayecheza siku ya sherehe. Ilikuwa mu mikono ya watu wanaolipana, maana mu inchi mingi za Kasai vipande vya rafia, madiba, vilipita sawa feza: vililipa mahari, vililipa kosa. Ilikuwa mu akiba ya jamaa. Na mwisho ilikuwa mu kaburi. Mukuba alipokufa, jamaa ilileta nguo zake, ikamvika, ikamzika nazo. Mtu aliyezikwa bila nguo za rafia ni kama aliyezikwa uchi.

Ukuta haukuwa mu hesabu hiyo. Ku Mushenge, mji wa mfalme, kuta za manyumba makubwa zenyewe zilisukwa kwa mapambo, hazikuhitaji kupambwa na kitu kingine. Na kwetu Katanga, ukuta wa miti na udongo ulipakwa rangi za udongo. Mu mwaka wa 1926, ku Bukama, Mbelgiji mmoja jina lake Georges Thiry aliona michoro ya Albert Lubaki ku kuta za manyumba. Alimpa karatasi na rangi, na mu 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa ku Bruxelles. Mchoro ulitoka ku ukuta ukaingia mu karatasi, karatasi ikapanda tena ku ukuta mwingine, mbali sana. Hiyo njo safari ambayo nguo nayo ingeifanya.

2. Tofali, musumari na treni

Ili kitambala kitundikwe, kunahitajika vitu vitatu: ukuta ulionyooka, musumari, na chumba cha kupokelea wageni. Vyote vitatu vilikuja na kazi.

Union Minière ilianzishwa mu 1906. Mu miaka ya 1920 viwanda vya Panda vilikuwa vinafanya kazi, na mji uliokua pembeni yake ukaitwa Jadotville, hadi ulipopata jina la Likasi mu 1966. Mwanzoni wanaume walikuja kwa muda mfupi, wakaacha bibi zao ku mugini. Kuanzia 1927 na 1928 kampuni ilibadilisha mpango: mkataba wa miaka mitatu, mfanyakazi aje na muke na watoto, apewe nyumba. Mwaka huo huo wa 1928 njia ya treni ya BCK ilimaliza safari yake kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, karibu kabisa na inchi ya Wakuba. Tangu siku ile, mtu wa Kasai aliweza kupanda treni na kushuka mu Katanga na bibi yake, na mu mizigo ya bibi kulikuwa vipande vya rafia.

Sasa fikiri yule mama anaingia mu nyumba ya kampi. Nyumba yake inafanana na ya jirani, namba tu njo inazitenganisha. Ukuta ni mweupe, umepakwa chokaa. Hawezi kuusuka, na kuuchora hapewi ruhusa, juu nyumba ni ya kampuni. Kitu anachoweza ni kupiga musumari. Ku nyumba isiyo yake, kitambala njo kilikuwa neno lake la kwanza: hapa tunakaa sisi, jamaa fulani, tumetoka pahali fulani.

Huko Ulaya pia velours ilikuwa imekwisha kupanda ukutani, lakini kwa sababu ingine. Mchoraji Mfaransa Matisse, aliyekufa mu 1954, alitundika nguo nyingi za Wakuba mu chumba chake, akazitazama kwa ajili ya mistari yake. Yeye alitundika kazi ya watu wengine ili ajifunze. Mama wa Panda alitundika ya kwao ili asisahaulike. Musumari ni mmoja, maana ni mbili.

3. Bamama wa foyer

Kisha vita ya 1940–1945 foyer social ziliongezeka mu miji ya Kongo, na kampuni kubwa zilikuwa na vituo vyao vya bamama mu makampi. Humo walifundishwa kukata nguo, kushona, broderi, kroshe, kupiga pasi, kupika, kutunza mtoto. Tusijidanganye: shabaha ya mafundisho yale ilikuwa kufanya nyumba ya mfanyakazi ifanane na mfano ambao wakubwa wa kizungu waliutaka. Bamama hawakuulizwa wanataka kujifunza nini.

Lakini mkono ukijua kazi, unaifanyia mambo yake. Kitambala cha foyer kilitoka ku meza kikaenda ku fotei, kikafunika radio, kikapanda ukutani. Gunia la unga la pamba lilifumuliwa, likafuliwa hata maandishi yafifie, likashonwa pindo, likawa uwanja wa broderi. Katikati waliandika neno kama "Karibu" au jina la Mungu, pembeni maua. Kiisha kitambala kilitiwa wanga wa muhogo, kikapigwa pasi hata kikasimama sawa karatasi, kikapigwa misumari minne ku pembe zake. Wanga njo ulifanya kitambala kisishuke tumbo. Hiyo tayari ilikuwa ufundi wa kutundika, hata kama hakuna aliyeuandika.

Gunia lile lile la unga, mu miaka ya 1970, lilipata bwana mwingine: wachoraji wetu wa mitaa. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mu 1947, alichora mu 1973 na 1974 historia nzima ya inchi ku picha kama mia moja, na kitambala chake kilikuwa cha magunia ya unga. Watu wa kazi walinunua picha za namna ile, Mamba Muntu au Colonie belge, wakazitundika mu saloni pembeni ya broderi ya mama. Baba alileta historia ya inchi, mama alileta historia ya jamaa, ku ukuta moja.

4. Siku kitambala kilishuka

Kuna sehemu ya historia hii yenye kuuma, lakini anayefundisha historia hana ruhusa ya kuiruka. Mu 1992 na 1993, wakati wa fujo za Katanga, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa mu manyumba yao hapa Likasi. Maelfu ya watu walilala ku gare na mu masomo wakingoja treni, wengine kwa miezi. Walikuwamo watu waliozaliwa hapa, na ambao baba zao pia walizaliwa hapa.

Kabati haibebeki. Fotei haibebeki. Kitambala kinakunjwa, kinaingia mu kifurushi. Vingine vilirudi Kasai kwa njia ile ile ya treni iliyovileta. Vingine vilibaki ku ukuta mu nyumba iliyoingiliwa na watu wengine, nao hawakujua ni nini, wakavifanya vitambala vya kufutia.

Kiisha ikaja 2003, ile Opération Départ Volontaire, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Jamaa ziliuza meza, friji, mashini ya kushona. Kitambala hakuna aliyekinunua. Njo kwa sababu hiyo vingine viko paka leo: viliokoka juu havikuwa na bei. Wazee wanasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jamaa nyingi za kampi hazina daftari. Hazina barua, hazina picha za mbele ya 1950. Kitambala ku ukuta njo daftari lao.

5. Namna ya kutundika

Tuje sasa ku kazi ya mikono. Kanuni ni moja: uzito wa kitambala ugawanyike ku upana wake wote, usining'inie ku pembe mbili.

Misumari ku pembe. Njo namna tunayoiona mu manyumba mingi. Kitambala chepesi chenye wanga kinaivumilia. Bulangeti ya vipande haiwezi: katikati inashuka, inafanya tumbo, na uzito wote unavuta matundu mawili ya juu. Musumari nao unaota kutu, na kutu inakula pamba. Hapa kwetu, kwenye viwanda vya shaba na vya asidi, kutu haichelewi, na hewa yenye asidi yenyewe inadhoofisha uzi wa pamba.

Vitanzi. Shona vitanzi vya kitambala ku pindo la juu, upitishe mti. Ni bora kuliko misumari, lakini kila kitanzi ni pahali pa kuvutwa. Vikiwa vitatu, kitambala kitafanya mawimbi. Viweke karibu-karibu, kila upana wa kiganja.

Mfuko wa nyuma. Hii njo namna nzuri kupita zote kwa bulangeti ya vipande na kwa broderi kubwa. Kata kipande cha pamba nzito, kilichofuliwa mbele, upana kama centimetre 20, urefu pungufu kidogo ya upana wa kitambala. Kunja mara mbili upate mfuko wa centimetre 10, wazi ku miisho miwili. Shona ku mgongo wa kitambala, chini kidogo ya pindo la juu, kwa mkono, kwa mishono midogo. Sindano ishike kitambala cha nyuma peke yake, isitokee mbele. Usiubane mfuko, uache ulegee kidogo ili mti upate nafasi na upande wa mbele usivimbe. Pitisha mti ulionyooka, uliopigwa msasa na kupakwa verni au kuzungushiwa kitambala safi, juu mbao mbichi inaacha doa la rangi ya kahawa. Miisho ya mti ikae juu ya misumari miwili. Musumari unagusa mti, haugusi nguo. Ukishona mfuko mwingine ku pindo la chini, utaweza kugeuza kitambala juu-chini kila mwaka, ili nyuzi zipumzike.

Ubao kwa velours. Kumbuka tulisema manyoya ya velours hayana fundo. Ukivuta kitambala, nyuzi zinaachana na manyoya yanaanguka moja-moja. Kwa hiyo velours isining'inie hata kidogo. Chukua ubao mwembamba, uufunike na pamba safi, ulaze velours juu yake, ushone pembeni kwa uzi mwembamba kupita ku ile pamba. Kiisha tundika ubao. Usitumie gundi. Gundi inakuwa ngumu, inageuka manjano, na wadudu wanaipenda. Na velours haifuliwi, haitiwi wanga, haipigwi pasi.

Kwa namna yoyote utakayochagua, fuata mambo haya. Kitambala kisikabili dirisha, juu jua linakula rangi, na rangi iliyoliwa hairudi. Kisilale ku ukuta. Acha nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite, hasa kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4 wakati matofali yanavuta maji. Wakati wa kiangazi kung'uta vumbi polepole, kwa brashi laini. Angalia mchwa nyuma yake kila mwezi. Na usikiache ukutani mwaka mzima: kitundike miezi michache, kiisha kipumzishe. Kukunja kunavunja nyuzi ku mkunjo, kwa hiyo kizungushe ku bomba la karatasi lililofunikwa na shuka safi, kiwekwe pakavu.

6. Kipi kipande, kipi kisipande

Kuna jamaa zinazokataa kutundika rafia ya zamani. Wanasema: nguo ya kilio haiangaliwi na wageni wanaokunywa bière. Nadhani wana haki. Tumeona kwamba nguo zile zilikuwa na njia yao, na mwisho wa njia ilikuwa kaburi. Jamaa ikizificha mu sanduku na kuzitoa siku ya matanga, inafuata njia ile. Lakini broderi ya foyer na bulangeti ya vipande hazikushonwa kwa kaburi. Zilishonwa zionekane au zitupashe moto mu baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Kuzitundika si kuzikosea heshima.

Mfano unatoka mbali. Kule Marekani, mu jimbo la Alabama, kuna pahali panaitwa Gee's Bend. Wanawake weusi wa pale, watoto na wajukuu wa watumwa, walishona mabulangeti kwa vipande vya nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wasisikie baridi. Mu 2002 mabulangeti yale yalitundikwa mu musée ya Houston, kiisha New York, na watu walisimama mbele yake kama mbele ya picha za wachoraji wakubwa. Kilichobaki ni kwamba majina ya wale bamama yaliandikwa pembeni ya kila moja. Kwetu musée ziko, ile ya Lubumbashi na ile mpya ya Kinshasa iliyofunguliwa mu 2019, na humo rafia iko. Lakini vitambala vya foyer, kazi ya mama zetu wenyewe, vinahesabiwa kuwa vitu vya nyumbani tu, na jina la aliyeshona linakufa pamoja naye.

Basi, msomaji, unapomaliza kushona ule mfuko wa nyuma, usirudishe sindano. Kata kipande kidogo cha pamba nyeupe, andika kwa kalamu isiyofutika: nani aliyeshona, mwaka gani au karibu na mwaka gani, mu kampi gani, alitoka mugini gani. Kama ulikipata ku jirani aliyeondoka 1992, andika jina la jirani, na siku mtoto wake akija, umuonyeshe. Shona kile kipande ku mgongo wa kitambala, pahali ambapo wageni hawaoni. Wageni wataangalia maua. Watoto wa nyumba, siku ya kukishusha, watasoma.